Vivuli Chini ya Boneti ya Kiboko

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa barabara.

— Yazunguka!

Yazunguka nini?

— Mlima!

Na barabarani?

— Magari!

Na ndani ya magari?

Mbona mmenyamaza? Haya, mkinyamaza nyinyi nitasema mimi. Sogeeni. Na wewe uliyeegemea ukuta, kaa vizuri, sipendi kumsimulia mtu anayesinzia.

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanakwenda kwa magari, palikuwa na nchi yenye mafundi wa kuunda magari. Nyati alikuwa na karakana yake. Nyumbu alikuwa na karakana yake. Ngiri alikuwa na karakana yake. Na Kiboko alikuwa na yake, kule bwawani, kwenye matete. Wote waliunda magari ya watu wa kawaida, ya kwendea sokoni, ya kupakia watoto na mkungu wa ndizi. Kisha wakashindana. Si kwa magari ya ajabu ajabu, la! Walishindana kwa yale yale ya dukani, yenye milango minne na viti vya nyuma, kuuzunguka Mlima Kipara. Kwa nini? Kwa sababu wanyama ni kama sisi. Gari likishinda leo, kesho alfajiri wamejipanga mlangoni kwa fundi wake, hata asiyejua kuendesha yumo.

Mwamuzi alikuwa Korongo, ambaye husimama kwa mguu mmoja ili ule wa pili usichoke. Yeye ndiye aliyehakikisha kwamba gari la mbio ni lile lile la dukani. Mbio zikiisha, aliuliza mara tatu: "Nani analitaka gari lililoshinda, kwa bei ya dukani?" Mtu akilitaka, fundi hana budi kulitoa. Tena mshindi alibebeshwa mawe. Ukishinda, mbio zinazofuata unapakiwa mawe kwenye buti. Ukishinda tena, unaongezewa, ili na wenzako wapate kupumua.

Desturi nzuri, sivyo? Sasa mtazameni Kiboko.

Kiboko alishinda. Akabebeshwa mawe, akashinda. Akaongezewa mawe, akashinda. Gari lake lilikuwa jeusi, vioo vyeusi, na likipita vumbi halikutimka. Injini yake haikunguruma kama za wenzake. Ilisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyefunikwa blanketi: nimo-nimo-nimo-nimo. Wanyama wakasema, "Lo, injini hiyo!" Wakaenda kununua. Nyati akafunga karakana. Nyumbu akafunga karakana. Akabaki Ngiri peke yake na vijigari vyake.

Na ni Kiboko aliyeomba mbio zote zifanyike jua la utosi. "Ili jua lisiwapige madereva machoni," alisema. Wakamsifu kwa huruma yake. Hakuna aliyefikiri kwamba jua likiwa utosini, huwezi kukiona kivuli cha mwenzako. Wala huwezi kujua kwamba hanacho.

Basi palikuwa na Pimbi, yule mnyama wa mawe asiye na mkia, mdogo wa mwili, mwingi wa maneno. Jina lake Siwatu. Alikuwa na kaka yake, Kombo, dereva hodari wa Ngiri. Wazazi wao walikufa zamani, na Kombo ndiye aliyemlea Siwatu, akimbeba mgongoni kutoka jiwe hadi jiwe. Siku moja Kiboko akamwita Kombo. "Njoo unishikie usukani. Huyo Ngiri anakulisha nini, mizizi?" Kombo akaenda, akaendesha, akashinda, akarudi nyumbani jioni.

Siwatu alimwona akija njiani, jua likiwa nyuma yake. Akafurahi, akainua mkono kumpungia. Mkono ukamganda hewani. Jiwe lilikuwa na kivuli. Mti ulikuwa na kivuli. Kuku aliyekatiza njia alikuwa na kivuli. Kombo hakuwa nacho.

"Kaka, kivuli chako kiko wapi?"

Kombo akatazama miguuni pake, kama mtu anayetafuta kiatu. "Asubuhi nilikuwa nacho," akasema.

Tangu siku hiyo Kombo akaanza kupungua. Sisemi kukonda, nasema kupungua. Alikaa mkekani, mkeka haukubonyea. Alipita vumbini, nyayo hazikuonekana. Sauti yake ikawa nyembamba, ukikohoa tu umeikosa. Kidogo kidogo akamsimulia dada yake yaliyompata. Alasiri ile baada ya ushindi, Kiboko alimsimamisha mbele ya gari, boneti ikiwa wazi. "Simama hapo nikutazame, shujaa wangu," alimwambia. Kivuli cha Kombo kikaangukia ndani ya injini. Kiboko akaishusha boneti: ba!

"Na kivuli kikishafungiwa mle," Kombo akasema, "kinamtii mwenye gari peke yake, hata boneti ikifunguliwa hakitoki. Aliniambia mwenyewe, huku anacheka. Akaniambia na hili, dada: masika yakininyeshea sina kivuli, nitayeyuka kama chumvi."

Siwatu akatazama ng'ambo ya mlima. Mawingu ya masika yalikuwa yameshaanza kukusanyika. Akalia. Alilia kwa uchungu, na katikati ya kilio uchungu ukageuka hasira.

Mbio zilipofika, alikwenda na kaka yake kutazama. Wakakaa juu ya jiwe. Gari la Kiboko likapita: nimo-nimo-nimo-nimo. Na ndani ya mlio ule Siwatu akasikia kitu kingine. Kwii! Kwii! Ulikuwa mlio wa pimbi wa kuitana, ule ule Kombo aliokuwa akimwitia chakula utotoni. Akageuka upesi. Kombo alikuwa kando yake, mdomo umefumbwa.

"Kaka, umeniita?"

"Sijakuita."

Malaika yakamsimama mwili mzima. Gari likauzunguka mlima, likarudi. Kwii! Kwii! Siwatu akaziba masikio, na bado akasikia.

Kiboko akashinda. Korongo akauliza, "Nani analitaka?" Kimya. Akauliza tena. Kimya. Akauliza mara ya tatu. Kimya. Wanyama wa nchi ile walikuwa na maringo yao. Nani anunue gari lililopigwa mchanga na kokoto, wakati jipya linang'aa dukani? Ndivyo walivyosema. Lakini Siwatu alitazama vizuri, akaona kwamba kila Korongo alipouliza, Kiboko alipiga miayo, na kila alipopiga miayo, meno yake yote yalionekana. Kumbe! Nani angeinua mkono mbele ya mdomo ule? Kwa hiyo walisingizia maringo.

Siku hiyo Kiboko akaongezewa mawe tena, mpaka matairi yakalalama. Kwa mara ya kwanza akakunja uso. Siwatu akauona uso ule uliokunjwa, akatabasamu, machozi hayajamkauka.

Kesho yake akaenda bwawani. Alichagua jua la utosi, makusudi. Matete yalisimama wima bila kutikisika. Hakuna chura aliyelia, hakuna nzi aliyeruka. Nje ya karakana walikaa madereva wa zamani wa Kiboko, Swala na Nyani na Tumbili, wamepangwa ukutani, na Siwatu aliweza kuyaona matofali kupitia vifua vyao. Akawasalimu. Midomo yao ilicheza, sauti haikutoka. Miguu ya Siwatu ilitaka kurudi nyumbani, akailazimisha kwenda mbele.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Mimi dereva. Nimesikia mawe yanakusumbua."

"Nani kasema yananisumbua?"

"Hakuna, bwana. Ila Ngiri anacheka."

Hilo lilimchoma Kiboko. Akamtazama Pimbi kutoka juu mpaka chini, na safari hiyo haikuwa ndefu. "Sogea hapa mbele ya boneti nikutazame," akasema.

Siwatu akasogea. Kiboko akatazama chini. Jua lilikuwa utosini, kivuli hakuna. "Basi ngoja hapo hapo mpaka alasiri," akasema.

"Nitangoja, bwana. Lakini kivuli changu mimi kitasukuma nini? Hata kikombe cha kahawa hakisukumi."

Kiboko akashtuka. "Nani kakwambia habari za vivuli?"

"Bwana, mbona nchi nzima inajua! Inaogopa meno tu. Mimi sikuja kukulaumu, nimekuja kukuonea huruma. Unahangaika na kivuli cha Swala, kivuli cha Nyani, vijivuli! Na kivuli kinene kuliko vyote hapa nchini kinaburuzwa matopeni bure kila siku."

"Cha nani? Cha Tembo?"

"Cha Tembo kirefu tu, hakina unene. Chako wewe."

Kiboko akacheka: ho! ho! ho! "Nijifungie kivuli changu mwenyewe? Niwe kama wale pale ukutani?"

"Wale si wenye gari. Wewe ndiye mwenye gari. Vivuli vinamtii nani? Asubuhi unakitia, mchana unashinda, alasiri unakiita, kinarudi. Mtu akitoa kitu mfuko wa kulia akatia wa kushoto, ameibiwa?"

Kiboko akawaza. Kuwaza si kazi yake, kukamchosha upesi. Akaona ushindi. Akaona Ngiri anafunga karakana. Akaona nchi nzima imejipanga mlangoni pake, haina pengine pa kununua. Mate yakamtoka. "Na usukani?" akauliza.

"Usukani nitashika mimi."

Asubuhi ya mbio, jua lingali chini, Kiboko akasimama mbele ya gari lake. Kivuli chake kikaanguka ndani ya injini, kinene, kizito, kikaijaza mpaka kikafurika pembeni. Siwatu akairukia boneti kwa miguu yote minne. Ba!

Kiboko akatetemeka. "Mbona nasikia baridi?"

"Ni asubuhi, bwana."

"Mbona najiona mwepesi?"

"Ni furaha, bwana."

Jua likafika utosini. Korongo akainua bawa, akalishusha. Vuuum! Gari la Ngiri likachomoka. Siwatu akakanyaga mafuta, na lile jeusi, pamoja na mawe yake yote, likaruka kama halina hata kokoto. Lakini mlio ulikuwa umebadilika. Sasa ilikuwa sauti moja nene: NIMO! NIMO! Na chini yake sauti ndogo ndogo zikilia, kisha zikikatika, moja baada ya nyingine.

Siwatu akafahamu. Kivuli cha Kiboko kilikuwa na tabia ya mwenyewe. Kilikuwa kinavila vile vingine. Usukani ukawa wa baridi mikononi mwake. Sauti ya Swala ikafifia. Sauti ya Nyani ikafifia. Kwii, ikasikika kwa mbali. Kwi.

"Kaka, shikilia!" Siwatu akapiga kelele. "Shikilia hapo hapo!" Wala hakujua anamwambia Kombo yupi, yule wa juu ya jiwe au yule wa chini ya boneti.

Akakata kona ya kwanza, akamkaribia Ngiri. Akakata kona ya pili, akamfikia Ngiri. Akakata kona ya mwisho, akampita, akafika, akashinda. Umati ukashangilia, lakini yeye hakutoka garini wala hakuizima injini, maana alikuwa anasikiliza.

Korongo akaja. "Bwana Kiboko, gari hili ndilo la dukani?"

"Ndilo, mpaka msumari," Kiboko akajibu, na wanyama wakatazamana, kwa kuwa sauti yake ilikuwa kama ya mbu.

"Nani analitaka?"

Kimya. Kiboko akapiga miayo kama kawaida yake. Lakini meno yake sasa yalikuwa kama moshi, ukiyatazama unaona matete ya upande wa pili. Akaufumba mdomo haraka.

"Nani analitaka?"

Kombo alikuwa juu ya jiwe, kama walivyopanga na dada yake, na mbele yake bei ya dukani, mtungi wa asali na kikapu cha mtama. Akainua mkono ambao jua lilipenya. Akafungua mdomo. "Nalitaka," akasema, na sauti haikufika hata kwenye ncha ya pua yake. Siwatu angesema yeye, lakini dereva haruhusiwi kununua gari aliloliendesha. Wingu la kwanza likakifunika kilele cha mlima. Korongo akavuta pumzi aulize mara ya tatu.

"Nani ana..."

Siwatu akakanyaga mafuta mpaka chini. Injini ikapiga yowe. Na kutoka chini ya boneti, chini kabisa, chini ya uzito wote wa Kiboko, ikatoka sauti ya Kombo, pana, nzima, ikatikisa mawe ya mlima:

"NALITAKAAA!"

Umati ukarudi nyuma. Kuna waliokimbia moja kwa moja hadi makwao. Gari limejitaka lenyewe? Korongo akashusha mguu wake wa pili, jambo ambalo hakuna aliyepata kuliona. Akatazama huku, akatazama huku, akamwona Kombo juu ya jiwe, mkono juu, mdomo wazi.

"Sauti ni yake," Korongo akasema. "Ilikopitia si kazi yangu. Limeuzwa."

Kombo akateremka taratibu, akaifungua boneti. "Vivuli vyote nendeni kwenu," akasema kwa kile kisauti chake. "Isipokuwa cha Kiboko."

Vikatoka bila kishindo, vikitambaa ardhini kama maji yaliyomwagika, kila kimoja kikitafuta miguu yake. Swala akapiga chafya. Nyani akaangua kilio kama mtoto. Cha Kombo kilitoka mwisho, kikichechemea, na ubavuni kilikuwa na pengo, alama ya meno. Kikamshika nyayo. Siwatu akamkumbatia kaka yake, akausikia uzito wake, akafurahi. Lile pengo aliliona. Akajiambia litajaa.

"Na changu?" Kiboko akauliza.

"Kinamtii mwenye gari," Siwatu akamjibu.

Tone la mvua likamwangukia Kiboko mgongoni. Tsss! Pakatoka mvuke, pakabaki shimo. Tone jingine. Tsss! Kiboko akatimua mbio, akajitupa bwawani: chubwi! Maji ya bwawa yanamjua, hayakumdhuru. Ndiyo maana hadi leo mchana kutwa yumo majini, mnaona macho na masikio tu, na hutoka kula usiku, wakati ambapo hakuna anayemuuliza mwenzake kivuli kiko wapi.

Mngependa niishie hapo. Mimi pia. Lakini yale manyunyu yalipita, na jua likatoka.

Lilikuwa jua la alasiri, la kuinama, na vivuli vikawa virefu. Ngiri akaja kuwapongeza. Ngiri ana moyo safi, hilo hata adui zake wanalikiri. "Hongereni, wanangu," akasema. "Sasa tutashindana kwa haki. Ila mkumbuke, gari ni lenu, kwa hiyo na mawe ni yenu!" Akacheka mpaka pembe zake zikatikisika.

Kombo hakucheka. Akaenda nyuma, akafungua buti, akayatazama yale mawe. Akarudi mbele, akaitazama injini. Mle ndani kilikuwa kimebaki kivuli kimoja kinene, kinapumua polepole, kina njaa. Ngiri alikuwa amesimama mbele ya boneti iliyo wazi, na kivuli chake kimegusa bampa.

"Mawe ni mengi, dada," Kombo akasema kwa upole. Kisha akageuka. "Bwana Ngiri, hebu sogea hapa kidogo tukutazame, shujaa wetu."

Ngiri akasogea, bado anacheka, na kivuli chake kikaangukia ndani ya injini. Siwatu akataka kusema, kaka, usifanye hivyo. Maneno yalimfika mpaka kwenye meno. Akatazama, akauona mkono wake mwenyewe uko juu ya boneti, na hakumbuki ameuweka saa ngapi.

Ba!

Basi, wanangu, funzo la hadithi hii ni hili: tamaa ni ugonjwa wa wakubwa, sisi wadogo hatunao. Shikeni hilo, mwafundishe na wenzenu.

Hadithi yangu nimeifunga.

— Tumeiona ikifungwa!

Kilichobaki ndani?

Mmenyamaza tena. Haya, nendeni kwenu, jua limeinama. Na msipite mbele ya gari la mtu.